Upande wa Kulia wa Farasi

Juzi niliingia duka la dawa za mifugo pale Silibwet kununua dawa ya minyoo. Kijana wa duka alikuwa anampimia mteja wa mbele yangu molasi, na alipofungua lile pipa harufu ikapanda, nzito, tamu, na uchungu kidogo wa kitu kilichoungua. Nikasahau kilichonileta. Nilisimama pale kama mti mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa. "Mathe, uko sawa?" kijana akaniuliza. Nikamwambia niko sawa, alete dawa. Uongo mtupu. Nilikuwa na miaka tisa tena, nimechuchumaa kati ya mistari ya chai, natafuta kwa macho mtu ambaye sikutaka kabisa kumwona.

Sisi tuliokulia huku kwenye chai tunajua ng'ombe. Tunajua na punda, wale wa kubeba maziwa na maji. Farasi tulimwona kwenye picha tu, na mimi picha zenyewe zilikuwa za Sunday school. Mwalimu wetu, Mungu amsamehe, alipenda kutisha watoto. Alitwambia siku za mwisho watatokea farasi, wa kwanza mweupe, mwingine mwekundu, mwingine mweusi, na wa mwisho wa kijivu, na huyo wa kijivu anapandwa na Mauti. Kisha akatupa peremende, tukaenda nyumbani. Mimi peremende haikupita kooni.

Basi fikiria asubuhi ile ng'ombe wetu mwekundu alipovunja ua na kuingia shamba kubwa la chai tulilopakana nalo. Nilitumwa kumrudisha. Nikamfuata nikivuka mtaro, nikapita mistari ya chai, nikatokea kwenye uwanja wa nyasi ambao sikuwahi kuujua. Ng'ombe alikuwa pale anakula. Kando yake alikuwa amesimama farasi wa kijivu, na juu yake hapakuwa na mtu.

Hicho ndicho kilichonitisha zaidi. Kama farasi yuko hapa, aliyempanda ameshuka akaenda wapi? Nilikimbia mpaka nyumbani nikimwacha ng'ombe wa watu.

"Kogo! Nimeona farasi wa Mauti!"

Kogo ni bibi kwa Kikipsigis, na huyu alikuwa mama yake baba yangu, ndiye tuliyeishi naye. Alikuwa anaosha ndoo ya kukamulia. Hata hakuinua kichwa.

"Na Mauti mwenyewe?"

"Sijamwona."

"Ng'ombe yangu je, iko wapi?"

Tukarudi pamoja, mimi nikiwa nimeshika sketi yake kwa nyuma. Leo nikikumbuka yule mnyama naona huruma, lakini siku ile niliona maajabu tu. Mbavu zilihesabika. Kwato zilikuwa zimerefuka na kujikunja mbele kama viatu vya mtu mwingine. Nywele za shingoni na za usoni zilikuwa zimeganda kwa mbegu za kishona nguo, zimekuwa bonge moja, na chini ya mkia kupe walikuwa wamejipanga kama mahindi kwenye gunzi. Kogo alimtazama kwa muda mrefu.

"Hii imefiwa," akasema.

Kabla sijauliza amefiwa na nani, mzee mmoja alikuja mbio kutoka upande wa nyumba za wafanyakazi akipiga kelele tutoke, tutauawa. Huyo ndiye Mzee Nyamweya. Kwao ni Kisii, ng'ambo ya Sotik, lakini alikuwa ameishi kwenye shamba lile hadi nywele zikaota mvi, na kazi yake ilikuwa kutunza farasi. Yeye hakujua Kikipsigis na Kogo hakujua Kikisii, kwa hivyo walikutana kwenye Kiswahili, kila mtu akija na chake alichonacho.

Alitueleza akiwa bado anahema. Meneja aliyependa kupanda farasi alikuwa ameondoka, farasi wakauzwa, lori likaja kuwachukua. Huyu mmoja alikataa kupanda lori. Tangu siku hiyo hakushikika tena. Mzee alijaribu kamba, akajaribu fimbo, akajaribu kumbana kwenye kona na vijana sita, na kila mara ikawa mbaya zaidi. Mwishowe akapelekwa kupalilia chai na farasi akaachwa hapo. Sasa meneja mpya alitaka uwanja ule kwa kitalu cha miti.

"Amesema mpaka shule zifunguliwe," Mzee akasema. "Mtu akimshika, amchukue bure, aende naye. Asiposhikika, daktari wa mifugo atakuja na bunduki. Na nani ataambiwa amsukume kwenye kona apigwe? Ni mimi."

"Ni wiki ngapi?" Kogo akauliza.

"Tatu."

Lazima niwaambie kitu kuhusu Kogo. Hakuwa mtu wa kuhurumiahurumia. Kuku akiugua, tulimla. Lakini alikuwa na kiburi kimoja, cha ng'ombe. Ng'ombe aliyepoteza ndama na kukataa kutoa maziwa, au mtamba anayepiga ndoo teke, waliletwa kwake kutoka mbali, wengine kutoka Kaplong, na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumshinda. Nilimwona akimwangalia yule farasi vile alivyokuwa akiwaangalia hao.

"Kesho nakuja na kigoda," akasema.

"Mama, huyu si ng'ombe!"

"Nimeona hana pembe."

Kesho yake tulienda baada ya kukamua. Kogo aliweka kigoda katikati ya uwanja, mbali na farasi, akampa mgongo, akatoa kibuyu chake cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, na ule ufito wa kusafishia, akaanza kukisugua ndani huku akiimba kwa pua ule wimbo wake wa kukamua. Basi. Saa nzima. Nilidhani kuna dawa atatoa, au maneno atasema. Hakuna. Aliposimama aliacha chumvi ya ng'ombe juu ya jiwe, tukaenda zetu.

"Mbona humwangalii?" nikamuuliza njiani.

"Ukimwangalia atajua unataka kitu."

"Si tunataka kitu?"

"Ndiyo. Lakini kwa nini umwambie siku ya kwanza?"

Hiyo ndiyo ilikuwa likizo yangu ya Aprili. Wenzangu walichuma chai na baba zao wakapewa soda. Mimi nilikaa kwenye nyasi zenye umande nikijifunza kutotazama. Na unajua mtoto akikatazwa kutazama, anatazama kwa ngozi nzima. Nilijifunza kujua farasi alipo kwa sauti ya meno yake yakikata majani. Nilijifunza kwamba anapumua nje kwa nguvu akitulia. Na kila mara nilikuwa nakagua mistari ya chai, maana aliyempanda lazima alikuwa amejificha mahali, na siku moja angerudi kuchukua farasi wake.

Siku ya nne Kogo alirudi nyumbani na wasiwasi. "Hii mnyama ni mgonjwa sana," akasema. "Haicheui."

Kweli! Hata mimi nilikuwa nimeona. Ng'ombe akishiba analala chini anacheua, macho nusu, na ukiona hacheui unajua kuna shida. Huyu alikula, akaendelea kula, na hakuna kilichorudi mdomoni. Kogo alichemsha mizizi usiku kucha, asubuhi akabeba sufuria nzima mpaka uwanjani. Mzee Nyamweya alipokuja kutuchungulia kutoka kwenye ua, kama alivyozoea kabla ya kwenda kupalilia, Kogo alimweleza ugonjwa. Mzee alicheka akakaa chini. Alicheka mpaka akavua kofia akajifuta machozi nayo.

"Mama, farasi hacheui! Tangu Mungu aumbe dunia, farasi hajawahi kucheua!"

"Sasa anakula mara moja tu?"

"Mara moja tu."

Kogo alimwaga dawa yake kwenye nyasi. "Maskini," akasema, na sikujua anamwonea huruma farasi au Mzee.

Siku zikaenda. Kigoda kilikaa palepale, na farasi ndiye aliyesogea. Kwanza alikuja kwenye jiwe la chumvi tukiwa bado tumekaa. Mzee alituletea molasi kwenye kopo la rangi, akasema zamani aliipenda, na Kogo akaanza kuipaka kwenye kiganja chake. Siku ya tisa au ya kumi nilisikia pumzi moto karibu kabisa, nikafumba macho. Nilipoyafumbua farasi alikuwa analamba mkono wa Kogo, na Kogo anaendelea kuimba kwa pua kama vile hakuna kitu. Baadaye alinionyesha mate kiganjani. "Ana meno ya juu," akanong'ona kwa mshangao. "Mbele. Juu na chini. Kama mtu." Kogo alikuwa amezoea ng'ombe, na ng'ombe mbele hana meno ya juu.

Halafu akaanza kumgusa. Shingoni, begani, mgongoni. Alimtoa kupe mmoja mmoja, akawaponda kwa jiwe, na mimi akaniacha nimlambishe molasi kiganjani. Alimpa na jina, Chelel, yaani mweupe, kwa sababu kwake kijivu kilikuwa nyeupe iliyochafuka. Na kila alichofanya alifanya akiwa upande wa kulia. Ng'ombe wetu wote walikamuliwa kutoka kulia, mama yake alikamua hivyo, na mkono wake haukujua njia nyingine. Kule kushoto, kwenye lile bonge la nywele na kishona nguo, hakuwa amefika bado.

Mzee hakuweza kuvumilia. Siku moja alipiga kelele kutoka kwenye ua, "Mama, unakosea! Farasi ni kushoto! Kumfunga ni kushoto, kumpanda ni kushoto, kila mtu wa farasi duniani anajua!"

"Kila mtu anajua?"

"Kila mtu!"

"Na wewe unajua?"

"Miaka yote hii, nisijue?"

"Basi njoo umshike."

Mzee hakuvuka ua. Nilicheka nikaumwa mbavu. Lakini ilimwuma, sasa naelewa, maana alikuwa mtu wa kazi yake, na hapa mwanamke mzee mwenye kibuyu anaifanya kinyume na inakubali. Siku iliyofuata Kogo alipoenda mtoni kuchota maji, Mzee aliniita kando ya ua. Alinipa hatamu ya kamba aliyoisuka mwenyewe, akanionyesha pua inapoingia na fundo linapokaa. Hakuwa na ubaya. Zilibaki siku tano, na aliogopa.

"Wewe una mkono mwepesi na amekuzoea. Nenda polepole, begani, upande wa kushoto. Kumbuka, kushoto. Hata mpandaji hupandia hapo."

Nikaenda. Farasi alikuwa anakula, ametulia kabisa. Nilimfikia karibu, nikanyoosha mkono, nikamgusa bega la kushoto. Sikumbuki kilichotokea. Nakumbuka anga, kisha matope, kisha paja langu likiwa moto kama limewekwa kwenye jiko, na Mzee anapiga mayowe akimwita Mungu wa kwao.

Baba alirudi kutoka banda la kununulia chai, kikapu bado mgongoni, akanikuta nakandwa kwa maji ya chumvi. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno. "Mwisho," akasema. "Hakuna mtu wa nyumba hii kuingia kule tena. Huyo mnyama apigwe risasi." Nililia kuliko nilivyolia kwa teke lenyewe. Nilimpenda yule farasi, na nilijua nimemuua.

Nikiwa nimelala pale, mvua ya saa nane inapiga mabati, nikawa nawaza. Jana alikula kiganjani mwangu. Leo kanipiga. Nimekuwa mtu gani mwingine tangu jana? Kisha maneno ya Mzee yakanirudia, kwamba mpandaji hupandia kushoto. Nikaelewa yote. Nilimwita Kogo.

"Kogo, Mauti hajajificha kwenye chai. Yuko pale pale. Amesimama upande wa kushoto wa Chelel, ndiyo maana anapiga teke."

Alikuwa anakoroga uji. Hakunicheka. Kwa hilo nitamshukuru mpaka kufa.

"Na Chelel anamwona?" akauliza.

Nikafikiri. Nilitaka kusema kweli, kwa sababu jambo lilikuwa kubwa. "Hapana. Hata mimi hakuniona. Nilifika karibu kabisa akila tu. Alishtuka nilipomgusa."

Kogo aliacha kukoroga. Uji ukaanza kuungua na hakuuona.

Kesho yake alimwambia baba tunaenda kuchukua kigoda, na baba hakuwa na ubishi na mama yake. Nilienda nikichechemea. Kogo akanipa leso yake nyekundu, akaniambia nisimame mbali, upande wa kushoto wa farasi, niipunge kimyakimya. Nikapunga mpaka mkono ukachoka. Chelel alikula nyasi. "Sasa zunguka kulia." Kabla sijapunga mara ya pili kichwa kilikuwa juu na masikio yamesimama. Kogo akamwendea kwa upande wa kulia, akiimba, akampa molasi, akaweka mkono shingoni na kuupitisha juu polepole, hakuuondoa hata kidogo mwilini mwake, mpaka ukafika upande wa pili. Chelel alitetemeka, lakini hakuruka. Kogo akainua lile bonge la nywele. Chini yake jicho lilikuwa jeupe kama utando wa maziwa yaliyochemka.

"Njoo uone Mauti wako," akasema.

Nikaja. Nakumbuka nilisikitika kidogo, na nawaambia hivi kwa aibu. Wiki mbili nzima nilikuwa nimeishi na kitu kikubwa, cha siku za mwisho, na sasa kilikuwa jicho bovu. Kisha farasi akageuka anitafute kwa lile jicho lililobaki, akageuza kichwa mpaka mwisho kwa sababu ilimbidi, na huzuni yangu ikahamia kwake.

Mzee Nyamweya hakuwepo siku hizo, walikuwa wamempeleka kupalilia upande wa mbali. Alikuja siku ile yenyewe, na pikapu. Meneja alishuka, daktari wa mifugo akashuka na mfuko mrefu wa turubai, na Mzee akashuka nyuma na kamba na fimbo. Hakunitazama. Aliangalia chini tu, kama mtu aliyepelekwa msibani kwa nguvu.

"Ngojeni hapo kwenye ua," Kogo akawaambia, na wakangoja, hata meneja. Akaingia na hatamu ile ile aliyosuka Mzee. Aliimba kwa pua, akatokea kulia, akamvisha, akafunga fundo. Halafu akatembea, na Chelel akatembea nyuma yake mpaka mbele ya pikapu, bega lake likigusa mkono wa Kogo. Nilitaka kupiga makofi nikajiuma kidole.

Meneja alicheka kwa furaha. "Basi, mama, ni wako." Daktari alirudisha mfuko wake kwenye gari na kuja kumtazama farasi kwa mikono mitupu. Kogo akamwonyesha atokee wapi. Daktari aliinua nywele akachungulia.

"Hili jicho limeharibika kitambo. Kuna kovu. Kitu kilimpiga."

"Kitu gani?" Mzee akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tawi labda. Au fimbo. Sasa huwezi kujua."

Mzee alikuwa bado ameshika ile fimbo. Aliitazama, akaiweka chini kwenye nyasi taratibu.

"Siku ya lori," akasema. "Kushoto. Nilisimama kushoto."

Kogo, ambaye hakuwahi kuacha nafasi ya kumtania juu ya kushoto kwake, alishika kamba akatazama pembeni. Mwaka mzima Mzee alikuwa amemwendea farasi kutoka gizani, kwa sababu alijua kazi yake, na kila alipokataa alimpiga zaidi. Mimi sikuelewa yote haya wakati ule. Nilichoelewa ni kwamba mzee mzima analia mbele ya meneja wake, bila kujificha, na hakuna mtu anayemwambia anyamaze.

Chelel alikuja kwetu. Baba alimjengea kibanda akinung'unika. Siku tatu hatukumwona Mzee. Siku ya nne, wakati wa kukamua, alisimama langoni amevaa suruali ya kanisani, kofia mkononi.

"Mama, naweza kuingia?"

"Ingia."

Alizunguka mbali, akatokea upande wa kulia. Chelel alimtambua papo hapo. Masikio yalilala nyuma, akaondoka mpaka mwisho wa ua, akabaki amejibana huko. Mzee hakumfuata. Alikaa chini kwenye nyasi zenye maji, na suruali ile, akampa mgongo.

"Kogo," nikanong'ona, "atamsamehe lini?"

"Yeye mwenyewe hajauliza," Kogo akasema. "Wewe unauliza kwa nini?"

Alikuja tena kesho yake, na keshokutwa. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa, nikawa namwacha pale asubuhi nikienda, amelowa, hasemi kitu. Sijui ni siku ya ngapi nilipomsikia anaongea. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, kwa Kikisii, muda mrefu, na sikuelewa hata neno moja. Nikasimama na begi langu mgongoni. Kule mwisho wa ua Chelel aliinua kichwa, akakigeuza mpaka jicho lake zima likamfikia yule mzee aliyekaa chini. Hakumkaribia. Lakini hakuondoka tena. Alisimama akamsikiliza mpaka akamaliza.